Sinema za Bahari za Bi Mashine

Mashine tano zikizunguka kwa pamoja katika chumba cha kufulia cha hospitali, humsikii hata mtu aliyesimama begani kwako. Mkuu wa chumba hicho alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minane, kifua kipana, miguu myembamba isiyolingana nacho, na alikuwa amezoea kusema kwa kupaza sauti. Maneno aliyoyapaza hayakuwa ya kidobi. Shuka lilipotoka kwenye roli ya pasi, bado linafuka mvuke, aliwaambia wanawake wawili walioshika pembe zake, "Kunja tanga!" Mkokoteni wa mashuka machafu ulipoteremka kutoka wodini alisema, "Meli inaingia, pisheni!" Na saa kumi jioni, mkono wake ulipoifikia swichi kubwa nyekundu ukutani, alisema, "Tia nanga, jamani," na chumba kizima kikanyamaza.

Basi wakamwita Nahodha. Jina likapanda ngazi, likafika maabara, likafika kwa madaktari, na alipokuja mganga mkuu mpya akadhani mzee yule aliwahi kuwa mwanamaji kwelikweli.

"Ulifanya kazi meli gani, Nahodha?" alimwuliza siku moja.

"Meli ya inchi kumi na nne, daktari," akamjibu. "Nyeusi na nyeupe, miguu minne ya mbao. Bahari yenyewe sijaiona mpaka leo."

Daktari akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kutoka mji ule hadi baharini ulikuwa mwendo wa siku mbili kwa treni, na Nahodha hakuwahi kupata sababu ya kwenda. Bahari yake yote aliipata akiwa mtoto, kila Jumamosi saa tisa alasiri, sebuleni kwa jirani aliyeitwa Bi Mashine.

Bi Mashine alikuwa karani wa kuchapa. Aliishi peke yake katika nyumba ya tatu ya safu ya nyumba za wafanyakazi, zile zenye bomba moja la maji uani na kuta nyembamba hata ukipiga chafya jirani anakwambia afya. Alikuwa na taipureta nzito aliyoruhusiwa kuja nayo nyumbani, na jioni mlio wake ulisikika safu nzima, ta-ta-ta-ta-ting, kama mvua inayonyesha kwa adabu. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na miwani ya mnyororo, mdomo usiomwogopa mtu, na televisheni.

Ilikuwa televisheni pekee katika safu ile, yenye milango miwili midogo ya mbao mbele yake iliyofungwa kwa ufunguo, na ufunguo aliuvaa shingoni. Watoto walikuwa na sheria. Kwanza, kunawa miguu bombani, na kunawa kwenyewe si kumwagia maji juu juu. Bi Mashine alikagua nyayo mlangoni kama afisa wa forodha. Pili, hakuna kutafuna kitu. Tatu, anayepiga mluzi anatoka. Ukishapita hapo unakaa kwenye zulia la kijani, yeye anakaa kwenye kiti chake, milango midogo inafunguliwa, na baada ya dakika ya giza na kuvuma, inatokea bahari.

Zilikuwa filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni, si zile za majumba ya sinema, na ukiziangalia leo utacheka. Meli ilikuwa ileile kila wiki. Walichobadilisha ni jina tu ubavuni. Dhoruba ilikuwa mtu aliyejificha nyuma ya kamera na ndoo, na ukiwa mwangalifu uliweza kuhesabu ndoo: moja, mbili, halafu kimya anapokwenda kujaza. Haramia aliyechomwa upanga Jumamosi hii, Jumamosi ijayo alikuwa mpishi mwenye sharubu. Watoto waliyaona yote hayo, na hakuna aliyejali. Kijana wa nyumba ya kwanza, aliyeitwa Kibogoyo kwa sababu ya meno yake ya mbele, aliwahi kushika ukingo wa zulia kwa mikono miwili meli ilipolala ubavu, akapiga kelele kwamba anazama.

Shida ilikuwa moja. Filamu zilisema lugha ya kigeni, na hakuna mtoto aliyeijua. Bi Mashine ndiye aliyekuwa akiwafasiria. Alikaa na kitambaa chake cha kufuma mapajani, hakuwaangalia watoto, na kila aliyefumbua mdomo kwenye kioo alipewa maneno papo hapo. Nahodha wa meli alipewa sauti nzito. Wanawake walipewa sauti ya mama mwenye nyumba anayedai ndoo yake. Mfalme, kila alipotokea, aliongea kama bosi wa ofisini kwa Bi Mashine, mwenye mafua ya kudumu, na watoto walibaki hawana mbavu.

"Anasema nini sasa, Bi Mashine?"

"Anasema kama kuna mtu kwenye zulia amesogea mbele tena, atatupwa kwa papa."

Mtoto ambaye baadaye ataitwa Nahodha hakukosa hata Jumamosi moja. Alikuja na dada yake, aliyemzidi miaka minne. Baba yao alikuwa fundi bomba wa manispaa, mtu wa maneno machache, mwenye vidole vilivyopasuka kwa maji ya baridi. Mama yao alikuwa mama anayeimba akipika. Kisha mwaka ule, mtoto alipokuwa na miaka tisa, Mama akaanza kukohoa.

Mwanzoni alikohoa asubuhi tu. Baadaye akawa anasimama katikati ya ua akishika nguzo ya kamba ya nguo, akisubiri kikohozi kipite ili amalizie kuanika. Siku moja Baba alirudi kutoka kazini mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja, akamfungashia kanga mbili, sabuni na kikombe, wakaondoka kwa gari la hospitali. Wodi yenyewe ilikuwa ya wagonjwa wa kifua, na watoto hawakuruhusiwa kuingia. Jumapili Baba aliwapeleka hadi kwenye nyasi chini ya jengo, wakasimama hapo na kuinua shingo, na kwenye dirisha la ghorofa ya pili Mama akajitokeza kuwapungia mkono. Alikuwa amevaa gauni jeupe la hospitali lililompwaya. Mtoto alimpungia mpaka Baba akaushusha mkono wake.

Hakuna aliyesema kama Mama atapona. Baba aliulizwa, akasema, "Wanamtibu." Dada aliulizwa, akasema, "Osha vyombo." Miezi ikaenda minne, mitano. Mtoto akaacha kucheza mpira. Kitu pekee ambacho hakuacha ni Jumamosi saa tisa.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, filamu ilikuwa na bata bukini. Meli ilikuwa ileile, safari hii imepewa jina refu. Mpishi mnene alinunuliwa bata bukini bandarini ili amchinje sikukuu, na kila alipochukua kisu bata alitoroka, akapanda kamba, akaingia chumba cha nahodha, akalala juu ya ramani. Watoto walicheka mpaka Bi Mashine akatishia kufunga milango midogo. Lakini ndani ya meli hiyo alikuwamo pia mwanamke msafiri na mwanawe wa kiume, na yule mwanamke alikuwa akikohoa.

Mtoto alikiona kikohozi kile kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaacha kucheka. Akamwona mwanamke akijishika ukutani, kisha akilala kitandani, mwanawe akimshikia kikombe. Kisha picha ikabadilika: asubuhi, bahari imetulia, wanaume wote wamesimama sitahani na kofia mikononi. Kati yao kulikuwa na ubao, na juu ya ubao kitu kirefu kilichofungwa na kushonwa ndani ya kitambaa cheupe. Nahodha wa meli alisoma kitu kwenye kitabu. Wakauinua ubao upande mmoja. Kitu kile kikateleza, kikaanguka majini.

Sebule ikabaki na mvumo wa televisheni tu.

"Bi Mashine," mtoto akasema, "wametupa nini?"

Sindano za kufuma za Bi Mashine zilisimama. Halafu zikaanza tena.

"Chumvi," akasema. "Magunia ya chumvi. Meli imezidiwa mzigo, haifiki bandarini bila kupunguza."

"Mbona wamevua kofia?"

"Ile ni chumvi ya mfalme. Mali ya mfalme huitupi na kofia kichwani. Hujafundishwa adabu?"

"Na yule mama?"

"Yule mama ameshushwa kwa mtumbwi upande wa pili. Hawakuonyesha kwa sababu kamera moja haiwezi kuwa pande mbili. Kuna kisiwa pale chenye daktari mzuri wa kifua. Meli itampitia ikirudi."

"Mbona mtoto wake analia?"

"Hapo ni karibu na jikoni," Bi Mashine akasema bila kupepesa. "Mpishi anakata vitunguu."

Mtoto akamgeukia dada yake, maana Dada alikuwa mtu wa kuthibitisha mambo. Dada alikuwa akikitazama kioo. Akasema, "Ndiyo, magunia. Si umeyaona yalivyo mazito?" Basi mtoto akashusha pumzi, na bata alipotokea tena na soksi ya nahodha mdomoni, akacheka na wenzake. Jumapili, chini ya lile dirisha la ghorofa ya pili, alimwonyesha Mama kwa ishara jinsi bata alivyopanda kamba. Mama alikishika kifua chake kwa kucheka, kikohozi kikamjia, akacheka tena.

Mama alikaa wodini miezi tisa. Alirudi mwembamba kama uzi, nywele zimekatwa, akakaa mwezi mzima mlangoni akiota jua huku mwanawe akimsimulia filamu zote alizozikosa, moja baada ya nyingine. Polepole akarudi kuimba akipika. Akaishi miaka thelathini na minane zaidi, akaona wajukuu, akawachapa wawili wao. Na mtoto wake, ambaye kwa miezi tisa alisimama nje ya jengo lile akiangalia mashuka meupe yakianikwa kwenye ua wa nyuma, alipofika miaka kumi na tisa alikwenda kuomba kazi kwenye jengo hilohilo, chumba cha kufulia. Hakuweza kumweleza mtu kwa nini. Alisema tu kwamba mahali pale palimfanyia hisani.

Televisheni zikaingia kila nyumba, na filamu za bahari zikaacha kuonyeshwa; zikaja za magari na bastola. Safu ya nyumba za wafanyakazi ikavunjwa. Bi Mashine alistaafu akahamia kwa mpwa wake upande wa pili wa mji, na Nahodha, kama tulivyo wengi wetu, alisema atakwenda kumwamkia wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miaka. Mara ya mwisho walionana kwenye msiba wa Mama, na hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita.

Nahodha alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa sekondari, na bahati ilivyotaka, alisomesha lugha ileile ya zile filamu. Binti alikulia kwenye hadithi ya bata bukini. Alilazwa nayo, akalishwa nayo uji, na siku ya harusi yake baba yake aliisimulia tena kwenye kipaza sauti mpaka mshereheshaji akamvuta koti. Basi likizo moja binti akaamua kuitafuta. Alikaa siku tatu kwenye kompyuta akiandika "bata" na "meli" na "mpishi" kwa kila namna aliyoweza, mpaka akampata mtu mahali fulani duniani aliyekuwa amezihifadhi kanda zake za zamani na kuziweka mtandaoni.

Alimkuta baba yake Jumapili mchana, anapiga viatu rangi. Akaweka kompyuta mezani, akasema, "Baba, nawa miguu."

Nahodha aliposikia ule muziki wa mwanzo, brashi ya viatu ilimtoka mkononi. Meli ile! Mawingu yaleyale! Akahesabu ndoo za dhoruba kwa sauti: moja, mbili, na kweli, kimya, mtu amekwenda kujaza. Bata alipopanda kamba alipiga meza. Binti alikaa pembeni yake akifasiri, na kwa muda Nahodha hakumsikiliza, maana alikuwa na sauti nyingine masikioni. Ila alianza kugundua kwamba kuna mambo hayapatani.

"Hapo nahodha anamwambia mpishi habari ya papa," akasema.

"Hapana, Baba. Anamwuliza upepo unatoka wapi."

"Na huyu mfalme ana mafua."

"Huyu si mfalme, ni wakili."

Akacheka. Kisha mwanamke akakohoa, akajishika ukutani, akalala. Asubuhi ikafika, bahari imetulia, na wanaume wakasimama na kofia mikononi. Binti akaendelea kufasiri, sauti yake ikishuka yenyewe, "Anasema... tunamkabidhi dada yetu kwa maji haya, mpaka siku ambayo bahari itarudisha wote inaowatunza. Anasema mwanawe asiogope, kwa kuwa kila mtu melini ni mzazi wake sasa." Akamgeukia. "Baba? Wewe si uliniambia ni magunia ya chumvi?"

Nahodha alikuwa mtu mzima, mfanyakazi wa hospitali kwa karibu miaka arobaini. Kwa mikono yake alikuwa amekunja mashuka ya kufunika watu wasiohesabika waliotoka wodini bila kurudi nyumbani. Alijua kitambaa cheupe ni nini. Na bado, katika kuisimulia hadithi ile maisha yake yote, hakuwahi kurudi kuitazama kwa macho ya mtu mzima. Ilikuwa chumvi kwa sababu aliambiwa chumvi.

Machozi yalimtoka bila kelele. Binti akainuka kumshika bega, akidhani amemwumiza.

"Niache tu," Nahodha akasema. "Mtu amenifanyia jambo kubwa, na ndiyo kwanza nalijua leo."

Jumamosi iliyofuata alivaa shati lililopigwa pasi mara mbili, akabeba kompyuta ya bintiye kwenye mfuko, na binti mwenyewe akaja kwa ajili ya kufasiri. Nyumba ya mpwa wa Bi Mashine ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Bi Mashine alikuwa amekaa karibu na dirisha, miaka themanini na mitatu, amesinyaa, miwani imekuwa minene, mnyororo uleule. Vidole vilikuwa vimejikunja na hakuweza kufuma tena.

"Shikamoo, Bi Mashine."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mtoto wa fundi bomba. Wa nyumba ya tano."

Bi Mashine akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. "Umenawa?"

Mpwa aliyekuwa akileta chai alishangaa kuwaona wageni wanacheka mpaka wanashika viti.

Nahodha hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaanza katikati, kama anavyofanya mtu mwenye jambo zito. "Bi Mashine, ile filamu ya bata. Nimeiona tena. Yale hayakuwa magunia."

Bibi kizee akachukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakirudisha.

"Hayakuwa," akasema.

"Ulitia chumvi."

"Nilitia magunia mazima." Hakucheka. "Ningefanya nini? Ulikuwa umenigeukia na yale macho. Mama yako yuko juu kule dirishani, na nimekaa na watoto wa watu sebuleni kwangu. Nilijisemea, niwe mwongo leo, nitatubu kesho. Halafu kesho ikawa kila siku nakuona unapita kwenda shule umechangamka, nikaona kutubu kuna haraka gani."

"Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukushukuru. Miaka arobaini na tisa nimechelewa."

"Mimi si wa kushukuriwa sana," Bi Mashine akasema, akarekebisha miwani. "Nikuambie siri, maana sasa hata wakinishtaki jela hawanichukui. Lugha yenyewe nilikuwa siijui."

"Huijui vipi? Si ulikuwa unachapa barua zao?"

"Nachapa, ndiyo! Herufi kwa herufi. Nilikuwa sijui hata ninachokichapa kama ni kufukuzwa kazi au kualikwa harusini. Salamu nilijua, na 'tafadhali saini hapa'. Yale mengine yote nilikuwa nikiyatoa kichwani. Kila Jumamosi. Ijumaa najiuliza kesho nitawaambia nini wale."

Nahodha alicheka mpaka akalazimika kusimama. Papa, mfalme mwenye mafua, mama anayedai ndoo: yote yametoka chini ya ile miwani! Binti yake, mwalimu wa lugha, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Kwa nini ulijisumbua hivyo?" Nahodha akauliza alipopata pumzi.

"Nilikuwa narudi kwenye nyumba isiyo na mtu, mwanangu. Juma zima naongea na mashine. Halafu Jumamosi naona nyayo kumi na sita zimeloa mlangoni kwangu. Mnafikiri mlikuwa mnafadhiliwa nyie? Mimi ndiye niliyekuwa nikingoja saa tisa."

Waliitazama filamu pamoja. Macho ya Bi Mashine yalikuwa yameisha nguvu, kwa hiyo walimsogezea kompyuta karibu, na aliomba afasiriwe maneno ya kweli, yote, bila kupunguziwa. Kila mara alitikisa kichwa na kusema, "Kumbe!" au, "Langu lilikuwa bora." Ilipofika asubuhi ya bahari iliyotulia, binti alimfasiria polepole maneno ya nahodha na kitabu chake: kwamba bahari itarudisha wote inaowatunza, na kwamba kila mtu melini ni mzazi wa yule mtoto sasa.

Bata alipotokea tena, Bi Mashine alivua miwani akaifuta.

"Kumbe yalikuwa maneno mazuri," akasema. "Ningeyajua, labda ningewaambia hayo." Akafikiri. "Hapana. Siku ile hapana. Baadaye, labda." Kisha akamgeukia Nahodha. "Lakini ukishukuru, usisahau kwenu. Umemshukuru dada yako?"

"Dada kafanya nini?"

"Muulize."

Akampigia simu jioni ileile, kabla hata hajavua viatu. Dada alikuwa mkunga mstaafu katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, na simu alizipokea kama mtu anayezima moto.

"Dada, yale magunia ya chumvi. Kwenye ile filamu ya bata."

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," Dada akasema. "Nilijua ni nini. Bi Mashine alinitazama juu ya miwani, mara moja tu, nami nikamwelewa. Ukanigeukia. Nikasema magunia."

"Na wewe nani alikwambia magunia?"

"Hakuna. Nilikwenda kulia bombani, nikajifanya nanawa miguu wakati wa kutoka. Baba alinikuta pale. Hakuniuliza kitu, alikaa nami tu mpaka nikamaliza." Akakohoa kidogo, akajiweka sawa. "Sasa unalia nini, mwanamume mzima? Nimekusikia."

"Silii. Niko karibu na jikoni."

Dada akapasua kicheko kilichomfanya Nahodha aiondoe simu sikioni.

Wiki mbili baadaye Dada alishuka kwenye basi na mkoba mmoja na mfuko wa nyuzi za kufuma, ingawa aliambiwa vidole vya Bi Mashine havifumi tena. "Atanielekeza, mimi nitafuma," alisema. "Mimi nilifundishwa na yeye, wewe ulikuwa umekazana na mabata." Wakapanda ngazi pamoja juu ya duka la vioo. Wanawake wale wawili walishikana mikono mlangoni muda mrefu. Kisha wakakaa dirishani na kuanza kuongea kwa mfululizo, juu ya Mama, juu ya safu ya nyumba, juu ya bosi mwenye mafua, juu ya Kibogoyo ambaye sasa ni daktari wa meno, na Nahodha kila alipojaribu kuchangia aliambiwa asubiri.

Baada ya nusu saa alikusanya vikombe, akaenda navyo jikoni, akakunja mikono ya shati. Maji yalikuwa ya moto, sabuni ilikuwa ya kutosha, na dirisha la jikoni lilitazama paa za mabati zilizoloa mvua ya asubuhi. Aliviosha kimoja kimoja, taratibu kuliko vilivyohitaji. Sebuleni Dada alisema kitu kwa sauti ya chini, na Bi Mashine akacheka kicheko kirefu cha kukatika pumzi, halafu wote wawili, na ilikuwa wazi kabisa wanamcheka yeye. Akafunga bomba kidogo, ili asikose hata neno moja.